Nairobi Half Life: Wizi na Uigizaji Katika Zoezi Moja

Kijana wa kijijini anauza DVD za filamu za mapigano, na ili wateja wanunue anawaigizia yaliyomo. Huyo ni Mwas, mhusika mkuu wa Nairobi Half Life, filamu ya Kenya ya mwaka 2012. Mtazamaji wa Ikolo, Kyela, hahitaji kutambulishwa kwake. Wilayani humo, kama kwingine Tanzania, ukali wa filamu ya ngumi hupimwa kwenye kibanda cha video, na kijana aliyeitazama jana ndiye tangazo lake leo.

Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anataka jukwaa la Nairobi. Jiji linampokea kwa kumpora, kisha polisi wanamweka rumande, ambako analazimishwa kusafisha choo kichafu kupindukia. Huko anakutana na Oti (Olwenya Maina), kiongozi wa genge la wezi wa vipuri vya magari. Mwas anajiunga nalo, na wakati huohuo anapata nafasi katika tamthilia.

Hapo ndipo ufundi wa mwongozaji David "Tosh" Gitonga unapoonekana. Filamu nyingi za uhalifu humtenga mwizi na watu wema, mtazamaji akajua mapema amlaani nani. Gitonga anapishanisha mazoezi ya tamthilia na safari za wizi, mpaka kazi hizo mbili zinaanza kufanana: kote Mwas anajifunza kusema uongo bila kutetereka, kusoma uso wa mwenzake na kusubiri zamu yake. Lugha nayo imefanya kazi kubwa. Nyumbani ni Kikuyu, gengeni Sheng ya mitaani, na kwenye ukumbi wa maigizo Kiingereza kinajipenyeza. Kila Mwas anapobadili lugha, amebadili maisha. Polisi wanaokula na wezi kisha kuwageuka wanaikamilisha picha hiyo: nao pia wanaigiza.

Ubora huo haukuokotwa. Filamu ilizaliwa katika warsha za One Fine Day Films, kampuni ya Mjerumani Tom Tykwer, aliyeongoza Run Lola Run mwaka 1998, na mkewe Marie Steinmann, kwa ushirikiano na Ginger Ink ya Nairobi na DW Akademie. Soul Boy ya Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera, ilikuwa imetangulia. Wageni walileta walimu na fedha, lakini hadithi iliandikwa na Wakenya, wakiwamo Serah Mwihaki, Charles Matathia na Samuel Munene. Mwongozaji mwenyewe alikuwa anaongoza filamu ndefu kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa walioiandika ni Wakenya, mitaa haionekani kama mandhari ya watalii.

Mapokezi yalikuwa makubwa. Kwenye tamasha la Durban, Julai 2012, Wairimu alitwaa tuzo ya mwigizaji bora. Nairobi watu walijaza kumbi, na Kenya ikaipeleka Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni, mara ya kwanza kwa nchi hiyo kuwasilisha filamu. Haikuteuliwa.

Kwetu Tanzania, Bongo Movie ina waigizaji wenye vipaji. Kinachopungua ni muda wa kuupika muswada kabla kamera haijawashwa. Kasumulu, wilayani Kyela, kuna mpaka, Mto Songwe, malori na vijana wanaoota kwenda mbali. Waandishi wa Kyela, hadithi hiyo ni yenu: iandikeni, muirudie mara nyingi, ndipo mtafute kamera.