Crusoe alinusurika, lakini alinusuriwa na nani?

Riwaya ya Daniel Defoe, Robinson Crusoe, ilichapishwa London mwaka 1719, na hadi leo ndiyo huwajia wengi akilini kwanza panapotajwa hadithi za kunusurika. Aghalabu tuliisoma shuleni katika vijitabu vilivyofupishwa. Tunakumbuka mtu mmoja kisiwani, bunduki, mbuzi, unyayo mchangani, na miaka 28 mbali na kwao. Mwalimu akatuuliza tumejifunza nini, nasi tukajibu kwa sauti moja: bidii, subira, imani. Basi, kengele ikalia.

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu, katika somo la Fasihi Linganishi, ameisoma riwaya hiyo nzima, si muhtasari wake. Insha ilimtaka ajadili jinsi Crusoe alivyonusurika. Badala ya kukimbilia kisiwani, alianza kwa kulichokonoa neno lenyewe. Alisema kunusurika ni kitenzi kilicho katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo ina mazoea ya kumficha mtenda. Ukisema kikombe kimevunjika, hakuna anayekulazimisha kumtaja aliyekivunja. Magazeti yetu nayo huandika kwamba abiria wamenusurika feri ilipozama, na wavuvi waliowavuta majini hawamo katika kichwa cha habari. Lakini hebu igeuze sentensi iwe katika kauli ya kutendwa, useme "Crusoe alinusuriwa". Papo hapo msikilizaji anangoja umalizie: na nani?

Swali hilo ndilo lililompeleka kwa Xury.

Kwa wasomaji waliomsahau: kabla hajafika kisiwani, Crusoe alitekwa na maharamia akawa mtumwa huko Sale, pwani ya Moroko, kwa takriban miaka miwili. Alitoroka kwa mashua ya bwana wake, akiwa na mvulana aitwaye Xury. Wakaambaa pwani ya Afrika kuelekea kusini. Maji ya kunywa yalipowaishia, na ufuoni kukawa na hofu ya wanyama na watu, Xury alijitolea kushuka: akiliwa, aliwe yeye, mwenzake aende zake. Hatimaye waliokotwa na meli ya Kireno iliyokuwa ikielekea Brazil. Nahodha akainunua ile mashua kwa sarafu 80 za fedha. Kisha akatoa sarafu 60 zaidi amnunue Xury. Crusoe alisitasita, eti ni vigumu kuuza uhuru wa aliyemsaidia kuupata wake. Nahodha akaahidi kumwachilia kijana baada ya miaka 10 iwapo atakuwa Mkristo, Xury mwenyewe akasema yu radhi, na biashara ikafungwa.

Lo! Mashua 80, mtoto 60. Mwanafunzi wangu alizipanga bei hizo katika jedwali, pamoja na ngozi ya simba na ya chui ambazo nahodha huyohuyo alizinunua. Hakuongeza maelezo yoyote chini ya jedwali, na alifanya vyema.

Kisha akafuatilia jambo ambalo wahakiki wengi hulipita mbio. Baada ya kuuzwa, Xury hukumbukwa pale tu Crusoe anapopungukiwa. Shamba lake la Brazil linapohitaji mikono, anajuta kumwachia. Kisiwani, anapotamani kuvuka kwenda nchi anayoiona kwa mbali, anamtamani Xury pamoja na ile mashua, kwa pumzi moja. Na safari iliyomtupa kisiwani, Septemba 1659 kwa kalenda ya riwaya, ilikuwa ya kwenda Guinea kuchukua watumwa wa mashambani. Mwanafunzi anahoji: kama si kijana yule kwenye mashua, mhusika wetu mkakamavu angefika wapi? Akagusia pia merikebu iliyokwama, ambayo Crusoe aliikwea zaidi ya mara kumi akitoa shoka, misumari, baruti, mikate na tanga. Vyote hivyo vilitengenezwa na mikono ya watu. Hapo alipita haraka, nami sitakawia.

Nilipoachana naye ni katika hitimisho. Alidai kwamba Defoe hakuyaona haya, na kwamba Friday amefanywa bubu. Hapana. Msimulizi na mwandishi ni watu wawili, hata pale wanapofanana sana. Simdai Defoe awe malaika: alikuwa mfanyabiashara aliyewahi kufilisika, na maandishi yake mengine yaliitetea biashara ya Afrika. Ila mwandishi anayemwacha msimulizi wake ataje bei ya mtoto kando ya bei ya chombo ameuacha ushahidi mezani. Huyu mwanafunzi aliupata wapi, kama si humo humo kitabuni?

Ama Friday, tusisahau somo la dini. Crusoe anamweleza kuhusu Mungu na Shetani, naye anauliza: ikiwa Mungu ana nguvu zaidi, mbona hamuui Shetani yaishe? Crusoe anajifanya hakusikia. Huo si ububu. Katika riwaya nzima sikumbuki swali lililomkwamisha Crusoe kuliko hilo.

Kuhusu jina, hata hivyo, niko upande wa mwanafunzi kabisa. Pwani kwetu tuna akina Juma na Khamisi, waliopata majina kutokana na siku walizozaliwa, na waliowapa ni wazazi wao. Huyu wa Crusoe alikuwa mtu mzima mwenye kwao, mwenye baba ambaye baadaye anatokea katika hadithi, na bila shaka mwenye jina. Hakuulizwa. Akaitwa siku ya wiki, akafundishwa kumwita mwenzake "Bwana", na kuambiwa kwamba hilo ndilo jina.

Mwenzangu aliyesahihisha insha hiyo mara ya pili aliandika pambizoni: "Hajajibu swali." Alitaka ukakamavu, ubunifu na imani, kila moja katika aya yake na mfano wake, kama ilivyo katika miongozo inayouzwa kandokando ya barabara. Tulibishana sana. Mimi nashikilia kwamba amelijibu kuliko darasa zima, kwa sababu amelisoma swali kabla ya kulijibu. Alama nilizompunguza ni za lile hitimisho. Mwakani atakuwa mwalimu wa shule ya upili, na ningependa kuona ni wanafunzi gani watakaotoka katika darasa lake. Tukimfundisha sasa kwamba Xury ni kupotoka kwenye mada, naye atawafundisha vivyo hivyo.

Kwa sasa nimempa kazi ya kuitafsiri sehemu hiyo ya Xury kwa Kiswahili. Amekwama mahali padogo: lile neno la Kiingereza ambalo Crusoe humwitia kijana huyo kila mara. "Mwanangu" haifai, kwani mwana hauzwi. "Kijana wangu" ni pole mno. "Mtumwa wangu" inasema waziwazi jambo ambalo msimulizi analikwepa. Nilimpendekezea "boi wangu", neno ambalo babu zetu waliitwa katika nyumba za walowezi wakiwa na ndevu na wajukuu. Amelikataa. Anasema vijana wa rika lake wakisoma "boi wangu" watadhani Crusoe anamzungumzia rafiki yake wa chanda na pete.