Bologna: Sheria Iliyojenga Njia ya Mguu

Atembeaye peke yake katika miji ya kale ya Italia hushinda na ramani mkononi. Akifika Bologna anaweza kuitia mfukoni. Mji huu una varanda za nguzo na matao, nyumba hata nyumba, jumla yake kama kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO iliziingiza baadhi yake kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Ukizifuata, jua la Julai halikupati wala mvua ya Novemba. Lakini njia ndefu namna hii hazikujengwa na serikali, na hapo ndipo penye ufundi unaostahili kuchambuliwa.

Chanzo ni uhaba wa vyumba. Chuo kikuu kilivuta wanafunzi kutoka mbali, na wenye nyumba wakarefusha ghorofa za juu kwa boriti zilizochomoza juu ya barabara. Kadiri chumba kilivyozidi kutokeza, ndivyo boriti zilivyohitaji nguzo za kuzibeba, na nguzo hizo zilisimama kwenye njia ya watu. Mji ungeweza kuzibomoa. Badala yake, mwaka 1288 uliandika sheria ya kuzifanya lazima: anayejenga aweke varanda, kimo chake kisipungue futi 7 za Bologna, yaani kama mita 2.66, ili hata aliyepanda farasi apite. Mwenye nyumba akapata nafasi juu, umma ukapata njia chini, na gharama za matunzo zikabaki kwa mwenye nyumba. Varanda ni mali yake mpaka leo, lakini hawezi kumzuia mtu kupita. Kwangu mimi, mpango huo ni kazi kubwa kuliko mnara wowote mjini.

Pa kuusoma mpango huo vizuri ni mtaa wa Strada Maggiore. Anzia Piazza Maggiore, upite varanda ya Pavaglione kando ya Archiginnasio, jengo la chuo la mwaka 1563, halafu uelekee minara miwili. Asinelli una mita 97. Mwenzake, Garisenda, ulipunguzwa urefu katika karne ya 14 kwa sababu ya kuinama, na mwaka 2023 eneo lake lilizungushiwa uzio. Usikae sana hapo. Hatua chache mbele iko Casa Isolani, nyumba ya karne ya 13, ambayo varanda yake bado inabebwa na nguzo za mwaloni zenye kimo cha kama mita 9. Inama utazame chini: mti haugusi ardhi, umekalishwa juu ya jiwe ili unyevu usiuozeshe. Kisha inua macho uone mihimili ya mshazari inavyoshika boriti za ghorofa na kupeleka uzito kwenye nguzo. Mwaka 1568 iliamriwa nguzo za mbao zibadilishwe kuwa za matofali au mawe, ndiyo maana zilizosalia kama hizi ni chache. Endelea hadi kanisa la Santa Maria dei Servi, ambako nguzo ni nyembamba na matao ni mapana, ulinganishe mwenyewe.

Kasoro zipo. Anayetembea ndani ya varanda haoni uso wa jengo alilo chini yake, kwa hiyo inabidi avuke barabara mara kwa mara. Tena kila mwenye nyumba aliweka sakafu yake, hii terazo, ile matofali, na vidaraja vinavyojitokeza kati yake vinamsumbua sana mtu wa kiti cha magurudumu.

Varanda ya San Luca ni habari nyingine. Hii haina nyumba juu yake. Ilianza kujengwa mwaka 1674 kwa michango ya wakazi ili waumini wapande hadi patakatifu pa mlimani bila kunyeshewa, nayo ina matao 666 katika kilomita kama 3.8. Penye Meloncello, pale tambarare inapokwisha, mbunifu majengo Carlo Francesco Dotti alilazimika kuvusha njia juu ya barabara. Alijenga tao lililopinda ambalo ni daraja na lango kwa pamoja: waendao kwa miguu hupita juu, vyombo chini. Kutoka hapo ni mwinuko mtupu. Mwenye nusu siku tu aishie Meloncello, na kwa muda uliobaki aurudie mtaa wa Strada Maggiore kwa upande wa pili wa barabara.