Mkono wa Fundi kwenye Oili Iliyoganda

Mpe fundi mzuri mfuniko wa kujazia oili tu, atakueleza gari limeishije. Mafundi wa gereji za Dar es Salaam huupindua na kupitisha kidole kwa ndani. Utando mwembamba wa kahawia hauwashtui. Wakiona povu la rangi ya maziwa, huuliza kama gari ni la safari fupifupi, au kama maji ya rejeta yanapungua, maana huenda gasketi ya silinda hedi imeachia. Kidole kikitoka na tope jeusi, zito kama uji wa ulezi uliolala, fundi haulizi tena. Hapo injini lazima ifunguliwe.

Naiheshimu elimu hii kwa sababu inajua chanzo. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita nzima ya maji. Mengi hutokea kwenye ekzosi, lakini mvuke kidogo, pamoja na masizi na petroli isiyoungua, hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini isiyopata moto sawasawa haiyakaushi maji hayo. Oili huwekewa dawa ya kuushika uchafu uelee usigande, ndiyo maana oili ikiwa nyeusi mara nyingi inafanya kazi yake. Dawa ikiisha, huku joto likiendelea kuipika oili, uchafu hujishika kwenye chuma.

Foleni ndiyo inayotuponza. Dashibodi huhesabu kilomita, haihesabu saa. Kilomita 5,000 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni saa 62 na nusu. Kwa mwendo wa 20, wa asubuhi kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, ni saa 250, na oili ni ileile.

Wapo wanaomimina dawa ya kusafishia, wakaiungurumisha injini dakika chache na kudai hela. Fundi ninayemsifu hathubutu pale tope lilipokomaa: likibanduka mapande huziba chujio la pampu ya oili, na beringi za krankshafti husagika. Yeye hufungua tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, huziba kwa vitambaa matundu ya kurudishia oili, kisha hukwangua kwa kijiti cha mbao, kwani chuma kingechubua alumini. Hushusha sampu, huosha chujio kwa dizeli mpaka mwanga upite kila tundu. Ile valvu ndogo inayovuta mvuke wa ndani ya injini huitingisha sikioni: ikigonga, nzima, ikinyamaza, imekwama, na hafungi chochote kabla haijapatikana nyingine. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na inaniuma kuona mteja akiipigania bei.

Akishajaza oili mpya, humtaka mwenye gari arudi baada ya kilomita 1,000, imwagwe tena pamoja na filta, kwa kuwa itakuwa imeokota mabaki ambayo kijiti hakikuyafikia. Filta hiyo huipasua, akaikunjua karatasi yake na kutafuta chembe za chuma.