Dume Aliyeing'ata Glovu

Mwaka 2011 Dayu Lin na wenzake, katika maabara ya David Anderson kwenye chuo cha Caltech, California, walichapisha habari za panya dume aliyeirukia glovu na kuing'ata kana kwamba ni hasimu aliyeingilia makazi yake. Kilichomchokoza ni mwanga wa buluu uliowashwa ndani ya ubongo wake.

Walter Hess wa Zurich, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1949, alikuwa ameshawatia paka hasira kwa umeme. Ila umeme hauchagui: huamsha seli zinazolengwa pamoja na nyuzi za neva zinazopita njia tu. Kina Lin waliujaribu kwa panya, wasiambulie shambulio lolote.

Wakageukia mwani, si huu tunaouona ukianikwa Paje, bali ule mdogo usioonekana kwa macho. Una protini inayofunguka kama mlango ikipigwa na mwanga, chembe zenye chaji zikapenya na kuiamsha seli. Jeni ya protini hiyo ilipakiwa kwenye kirusi, kikadungwa katika kijisehemu cha haipothalamasi, huko chini ya ubongo, kisha uzi wa kioo ukashushwa mpaka hapo. Taa ikiwaka, dume aliwavamia hata majike, hata madume waliohasiwa.

Lakini kuwasha ni nusu ya ushahidi. Ilibidi wazime pia. Hapa ndipo ufundi wao uliponivutia zaidi. Walipandikiza jeni ya mnyoo, iliyorekebishwa, inayoipa seli mlango unaoitikia ivermektini, dawa ile ile inayogawiwa vijijini kwetu kupambana na matende na usubi. Panya walipodungwa dawa hiyo, seli zilinyamaza na ugomvi ukapungua. Baada ya siku kadhaa ukarudi.

Hata hivyo sikubali kukiita kijisehemu hicho swichi ya ugomvi. Vipimo vya seli mojamoja vilionyesha kuwa seli za ugomvi na za kujamiiana zimechanganyika hapo hapo, na nyingi zilizochachamaa vitani zilizimwa dume alipokuwa na jike. Akiwa katikati ya tendo, mwanga ule ule ulishindwa kumgombanisha, au ulihitaji kuongezwa nguvu. Mwaka 2014 maabara ya Anderson ikalenga seli zenye vipokezi vya estrojeni peke yake. Mwanga ulipofifishwa, dume alimpanda mwenzake, ulipokolezwa, alimng'ata.