Sare ya Buluu katika Nyimbo Teule za Sauti Sol

Kundi la Sauti Sol lilipoagana na mashabiki mwaka 2023, nyimbo zake zikawa kama diwani iliyokwisha kufungwa. Mteuzi yeyote ataanza na “Sura Yako” (2014), kipenzi cha maarusi. Na kwa upande wa fani, ule upatanifu wa sauti uliochotwa katika muziki wa soul wastahili sifa hiyo. Kimaudhui, hata hivyo, “Blue Uniform”, wa albamu ya Mwanzo, una uzito zaidi. Humo kijana anasumbuliwa na polisi. Msikilizaji wa Kibera au Kawangware, mitaa iliyoshuhudia risasi za polisi katika ghasia za uchaguzi wa 2017, hahitaji kufafanuliwa taswira hiyo. Uteuzi unaouacha wimbo huu unambakizia mapenzi matupu.