Terabaiti 858 Bila Nakala

Usiku wa tarehe 26 Septemba 2025, mafundi walikuwa wakihamisha betri za lithiamu katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Zilikuwa betri za kushikilia umeme pale ule wa gridi unapokatika, na moto ukaanzia hapo. Ilichukua takribani saa 22 kuuzima. Mifumo ya serikali zaidi ya 600 ilisimama, na 96 iliteketea kabisa. Mingi kati ya hiyo iliyoteketea ilikuwa na nakala rudufu mahali pengine, kwa hiyo kuirejesha ilikuwa kazi ya muda na jasho tu. Mmoja haukuwa na nakala popote: G-Drive, hifadhi ya mtandaoni ambamo watumishi wa umma waliweka mafaili yao ya kazi. Kila mtumishi alipewa gigabaiti 30. Waliokuwa wakiitumia ni karibu 125,000, kutoka taasisi 74. Jumla ya kilichoungua ni terabaiti 858.

Kilichoniuma zaidi ni maelezo yaliyotolewa baadaye. Ilielezwa kwamba G-Drive ilijengwa kwa aina ya hifadhi yenye ujazo mkubwa na kasi ndogo, na kwa sababu hiyo isingewezekana kuifanyia bakapu ya nje. Maelezo ya namna hii husikika katika ofisi nyingi, na kwa kawaida hupita bila kupingwa kwa sababu aliyeyatoa ni mtaalamu. Tuyapime kwa hesabu.

Gawa terabaiti 858 kwa watumishi 125,000. Kila mmoja anabaki na gigabaiti 7 hivi, kiasi kinachoingia kwenye flashi ya bei rahisi na nafasi ikabaki. Sasa chukua kanda za sumaku za kizazi cha LTO-9, ambazo mabenki na vituo vya utafiti huzitumia kwa akiba ya muda mrefu. Kanda moja inabeba terabaiti 18 bila kubana data, kwa hiyo data yote ya G-Drive ingeenea kwenye kanda 48. Kwa njia ya faiba yenye kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, kunakili data yote kunachukua siku nane. Tuseme hifadhi ilikuwa nzito kweli, na ilimudu kusomwa kwa sehemu ya kumi tu ya kasi hiyo. Hapo ni siku 80, na G-Drive ilikuwa imeshatumika kwa miaka kadhaa.

Kazi hiyo ya siku nyingi hufanywa mara moja tu. Baada ya nakala ya kwanza, kinachonakiliwa kila usiku ni kile kilichobadilika. Hata kama asilimia moja nzima ya mafaili ingekuwa inabadilika kila siku, hizo ni terabaiti zisizofika 9. Kwenye faiba ile ile ya gigabiti 10 zinapita kwa chini ya saa mbili, na kwa kasi ya sehemu ya kumi zinapita kabla siku haijaisha. Ndiyo maana sikubali kwamba ukubwa ulizuia. Ukubwa ulileta gharama, gharama ikamngoja mtu wa kuiidhinisha, na wakati wote huo watumishi walikuwa na mwongozo wa kuweka kazi zao huko badala ya kwenye kompyuta za ofisini. Taasisi iliyoumia kuliko zote ni wizara inayosimamia utumishi wa umma, kwa kuwa yenyewe ilikuwa imefuata mwongozo huo kikamilifu na kuhamishia kila kitu kwenye hifadhi moja.

Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba Korea Kusini ilikuwa imeshaonywa. Mnamo 15 Oktoba 2022 moto uliotokea kwenye kituo cha data huko Pangyo ulizima huduma za Kakao, kampuni ambayo programu yake ya ujumbe hutumiwa na karibu kila mtu nchini humo. Serikali ikaibana sekta binafsi kwa sheria ijiandae kwa majanga. Miaka mitatu baadaye moto ukawaka ndani ya nyumba yake yenyewe.

Mimi naamini tatizo hili lilikuwa la ufuatiliaji kabla halijawa la vifaa. Fikiria ukurasa mmoja unaoorodhesha kila mfumo wa kituo kile, na mbele ya kila jina tarehe ya nakala yake ya mwisho, ukubwa wake na mahali ilipo. Mbele ya G-Drive pangekuwa patupu. Ukurasa huo ungesomwa mezani kwa mkuu kila Jumatatu, ule upungufu usingeweza kukaa kimya miaka na miaka. Mtu angelazimika ama kuujaza, ama kutia saini kwamba anakubali data ya watumishi 125,000 iishi mahali pamoja.

Wengi wetu hatufuatilii hivyo. Tunaiachia programu ya bakapu itutumie barua pepe kazi inaposhindikana, na barua isipokuja tunadhani mambo ni shwari. Kampuni ya GitLab, inayohifadhi msimbo wa programu za watu dunia nzima, ililipa gharama ya mazoea hayo tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa kazini usiku, amechoka, alidhani yupo kwenye seva ya pili ya hifadhidata. Alikuwa kwenye ile kuu. Akaamuru folda ya data ifutwe. Alipogutuka na kusitisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Wenzake wakakimbilia kwenye nakala. Ile ya kila siku ilipaswa kuwa kwenye hifadhi ya S3 ya Amazon, lakini walipofungua walikuta patupu. Programu iliyokuwa ikitoa nakala ilikuwa toleo la 9.2 la zana za PostgreSQL ilhali hifadhidata yenyewe ilikuwa toleo la 9.6, hivyo kila ilipoanza kazi ilikosea na kuacha. Barua pepe za kutoa taarifa ya kosa hilo zilitumwa kweli, ila seva ya kupokea ilizikataa kwa sababu hazikuwa na sahihi ya uthibitisho inayotakiwa. Nakala za picha za diski zinazotolewa na Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni picha moja ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Kuirejesha kulichukua kama saa 18, kwa kuwa diski zilizoibeba zilikuwa za polepole. Walichokosa ni mabadiliko ya saa zile sita: takribani miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti 700 za watumiaji wapya. Kwa heshima yao, waliandika kila hatua hadharani huku wakiendelea kuokoa, na ndiyo maana mafundi wa kila nchi wamejifunza kutoka kwao.

Angalia mnyororo ule. Kazi ya bakapu ilikuwepo, na ratiba na hata kengele zilikuwepo. Kasoro ni kwamba kengele ilitegemea barua ifike, na barua isipofika hali huonekana sawasawa na siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri. Dawa yake ni kugeuza kengele. Mlinzi wa usiku anayepiga filimbi kila saa hakusumbui. Siku usipoisikia ndipo unaamka. Bakapu nayo ifanywe hivyo: kila inapomaliza salama itume ishara kwenye huduma nyingine iliyo nje ya seva ile, na ishara ikichelewa kwa saa kadhaa huduma hiyo ipige simu au itume ujumbe kwa watu wawili. Zipo huduma za bure za aina hiyo, na kuunganisha moja ni kazi ya mstari mmoja mwishoni mwa skripti.

Hata hivyo ishara ya kumaliza pekee haitoshi, maana skripti inaweza kumaliza salama ikiwa imenakili folda tupu. Kipimo cha maana huchukuliwa kule nakala inakofikia. Kila asubuhi programu nyingine, yenye akaunti nyingine, iingie kule na kuuliza maswali matatu: faili jipya kabisa lina umri gani, jumla ya ukubwa ni ngapi, na idadi ya mafaili ni ngapi. Umri ukizidi saa 26 kwa bakapu ya kila siku, ilie. Ukubwa ukishuka ghafla ukilinganisha na jana, ilie kwa sauti zaidi, kwa sababu hapo huenda mtu amefuta au virusi vya kudai fidia vimeanza kazi. Kwenye hifadhi ile ya S3 ya GitLab, swali la kwanza peke yake lingetosha.

Kwa ofisi zetu nyingi, hifadhi ya mtandaoni maana yake ni Google Drive au OneDrive, na hapa kuna mtego ninaouona mara kwa mara. Mtu ananakili folda ya Drive kutoka kwenye kompyuta kwenda diski ya nje, anaona majina yote ya nyaraka yapo, anafunga diski kabatini. Kumbe mafaili yenye kiambishi cha gdoc na gsheet ni viungo tu vinavyoelekeza kwenye nyaraka zilizo kwa Google. Akaunti ikifungwa, diski ile haina hata sentensi moja ya ripoti yake. Zana kama rclone hulitatua hilo kwa kuibadilisha kila hati kuwa faili kamili la Word au Excel wakati wa kunakili. Zana hiyo hiyo ina amri mbili ambazo wanaoanza huzichanganya. Ile ya copy huongeza na kusasisha bila kufuta kilichopo kwenye nakala. Ile ya sync huifanya nakala ifanane na chanzo, yaani kilichofutwa kwenye chanzo nacho hufutwa kwenye nakala. Anayetumia sync bila kutunza matoleo ya nyuma amejenga mtambo wa kusambaza makosa.

Kapu la taka nalo lisikutie moyo kupita kiasi. Kwenye Google Drive kitu hukaa humo siku 30, na kwenye OneDrive ya ofisi siku 93. Mhasibu anayegundua mwezi Julai kwamba jedwali la Januari lilifutwa Februari amechelewa kote kuwili.

Jambo la haki za kufuta huwa halipewi uzito. Kati ya tarehe 14 na 16 Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza terabaiti 77 za utafiti, mafaili kama milioni 34, kwenye mfumo wa kompyuta zake kuu. Aliyezifuta ni skripti ya bakapu yenyewe. Ilisasishwa wakati inaendelea kufanya kazi, jina la folda likawa halina thamani, na amri iliyokusudiwa kusafisha kumbukumbu za zamani ikaanza kusafisha kazi za watafiti. Kampuni iliyosimamia mfumo, HPE, ilikubali kosa. Makundi ya utafiti yaliyoguswa ni 14, na kwa manne hakuna kilichoweza kurudishwa. Akaunti inayonakili iwe na ruhusa ya kusoma chanzo na kuongeza kwenye nakala, basi. Ufutaji wa vya zamani uachiwe utaratibu wa hifadhi yenyewe, ukiwa na kufuli ya muda ambayo hata msimamizi mkuu hawezi kuifungua kabla ya siku zake.

Na mahali pa nakala pawe kweli mahali pengine. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper nchini Australia ulipotelewa na wingu lake binafsi lililokuwa kwa Google Cloud, kwa sababu chombo cha ndani cha Google kilipolianzisha kiliachiwa sehemu moja wazi na kikaliwekea muda wa mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha lilifutwa, bila onyo kwa mteja. Wanachama zaidi ya laki sita walikaa siku kadhaa bila kuona akaunti zao, lakini fedha na kumbukumbu zao zilirudi, kwa kuwa mfuko ulikuwa na nakala zilizohifadhiwa nje ya wingu lile, zikiwemo nyingine kwa mtoa huduma tofauti kabisa. Waliolipia nakala hizo hawakuwa wakitegemea Google ikosee. Walilipia tu.

Kama unasimamia mafaili ya shule, zahanati, chama cha ushirika au kampuni, fanya jaribio hili wiki hii. Chagua faili moja la miezi mitatu iliyopita, mwombe fundi wako alirudishe kutoka kwenye nakala, si kutoka kwenye Drive, akiwa kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuunganishwa na akaunti ya ofisi. Pima muda. Faili lisipofunguka, simamisha kazi nyingine zote za kompyuta hapo ofisini hadi lifunguke.