Aliyeuona Mpira Ausimulie

Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye kibaraza cha duka moja la vifaa vya umeme, yupo fundi viatu ambaye ni shabiki wa timu ya Yanga tangu ujana wake. Wateja hukaa kwenye benchi lake wakingoja gundi ikauke, na haupiti muda mrefu kabla ya mtu kumchokoza: "Mzee, hebu tupe ile ya sita." Mwana Yanga mwingine angebadilisha mazungumzo. Yeye hukiweka kiatu chini, hufuta mikono kwa kitambaa, na kuanza kusimulia jinsi watani wao Simba walivyoichapa timu yake mabao sita kwa bila, Julai 19, 1977.

Haanzi na mabao. Huanza na alivyotoka nyumbani, aliyeongozana naye, mahali alipopata nafasi ya kusimama, na majigambo aliyokwenda nayo uwanjani. Kwanza hukuingiza uwanjani ukae, ndipo mpira uanze. Kisha hupanga timu juu ya benchi: vipande vya ngozi ndio mabeki, kisigino cha zamani ndiye kipa, kopo la gundi ndilo lango. Abdallah Kibadeni wa Simba hupewa msumari. Siku hiyo Kibadeni alifunga matatu, na yote matatu mzee huyasimulia kwa zamu, bila pupa. Kabla ya kuusogeza msumari hukuonyesha vile vipande vya ngozi, nani alikuwa amekaa wapi, pengo lilifunguka upande gani. Ukiona bao linaingia, umeshajua kwa nini limeingia.

Lipo bao moja ambalo hulipa muda wake peke yake. Beki wa Yanga alijifunga. Vijana wakifikishwa hapo huangua kicheko, naye huwaacha wacheke mpaka wachoke. Halafu huwaeleza hali ya beki anayekimbia huku uso umeelekea lango lake mwenyewe: mshambuliaji anamsikia mgongoni lakini hamwoni, kipa anapiga kelele, uwanja mzima unapiga kelele, na mpira unakuja. Akiuacha, ameuacha kwa adui. Akiugusa, hajui utakwenda wapi. Mzee hamtetei wala hamlaumu. Humgeukia aliyecheka zaidi na kumwambia, "Na wewe ungeugusa."

Huu ni ufundi, na una miiko yake. Chumvi anaitia, nani asiyeitia? Lakini huitia kwenye hofu yake, kwenye njaa aliyorudi nayo nyumbani, kwenye maneno aliyotupiwa na watani njiani. Kwenye matokeo haitii hata punje. Bao la mpinzani hulisimulia kwa uzuri ule ule ambao angelisimulia la kwao, na hamwachii mwamuzi mzigo wa kipigo ambacho timu yake ilistahili. Mabao matano ambayo Yanga waliifunga Simba mwaka 1968 anayajua vizuri pia, na angeweza kukimbilia huko ajifariji. Hakimbilii mpaka aulizwe.

Watu wa rika lake walisomea ufundi huu redioni. Waliokua wakiwasikiliza watangazaji Ahmed Jongo na Charles Hilary wa Redio Tanzania Dar es Salaam, au Leonard Mambo Mbotela kule Kenya, walifunzwa kwamba msikilizaji haoni, kwa hiyo unadaiwa kila kitu: mpira uko kwa nani, uko upande gani, nani anaukimbilia, na matokeo ni ngapi kwa ngapi kwa yule aliyewasha redio sasa hivi. Mwaka 1979 mchezaji wetu Peter Tino alipofunga kule Ndola dhidi ya Zambia, tukapata tiketi ya kwenda Afcon ya 1980 nchini Nigeria, Watanzania wengi hawakuliona bao lile. Walilisikia. Wakalisimulia kwenye magenge, kwenye mabasi, kwenye misiba usiku wa matanga, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakalirithi. Tulikaa miaka 39 kabla ya timu yetu ya taifa, Taifa Stars, kurudi kwenye mashindano hayo, Misri, mwaka 2019. Muda wote huo bao la Tino lilitunzwa na vinywa vya mashabiki.

Leo tuna picha za kila kitu, na msimulizi amekosa wa kumsikiliza. Novemba 5, 2023 Yanga waliifunga Simba matano kwa moja. Kabla watu hawajatoka uwanjani, mabao yote yalikuwa kwenye simu. Kwa siku nyingi mjini kilichosemwa kuhusu mechi ile ni vidole vitano vilivyonyooshwa kwenye uso wa mtani. Ukimuuliza kijana bao la tatu lilianzia wapi, anakutafutia kipande cha video. Na akikitazama, anatazama mguu uliofunga tu, kwa sababu aliyekikata kile kipande alianzia hapo. Kama kuna kiungo aliyeunyang'anya mpira katikati, kazi yake imebaki nje.

Kisha kuna mkeka wa kubeti. Anayeangalia mechi huku amebeti hana timu, ana namba. Mechi ikiisha, habari yake ni moja: mkeka umetiki au umechanika. Na wanaobaki kubishana wanaanza na hukumu, kocha hafai, fulani auzwe, mwamuzi kanunuliwa, kabla yeyote hajaeleza alichokiona. Zamani maoni yalikuwa haki ya aliyekwisha kusimulia. Yanga ni ya 1935 na Simba ni ya 1936, na watani hawa wamezikana, wameoana na kukopeshana tangu babu zao. Utani ule haukuvunja nyumba kwa sababu kila upande ulilazimika kukaa kitako na kumsikiliza mwenzake akieleza mpira mzima, pamoja na sehemu inayomuuma msikilizaji.

Picha hazina kosa. Kosa ni letu tulioziachia kazi ambayo haziwezi. Video haijui ulikuwa umekaa na nani siku hiyo, wala kwa nini ulishindwa kula.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitoka uwanjani au kwenye kibanda umiza cha kutazamia mpira, usimtupie mwenzako matokeo. Msimulie. Anza na ulivyokwenda, mpe mpinzani bao lake kamili, mrudishie kiungo kazi yake, ndipo utoe hukumu. Na kama jirani yako ana mzee aliyeiona sita ya 1977 au tano ya 1968, nenda ukamsikilize mwaka huu. Anayejua matokeo pekee hajaujua mpira.